Kusoma ukoo wa chura kwenye ngozi yake: mwongozo kamili kuanzia dimbwini hadi mti wa nasaba

Masika yakishika Dar es Salaam, dimbwi lolote ambalo halijafukiwa huko Kigamboni, Mbezi au bonde la Msimbazi huwa na kelele usiku kucha. Wengi husikia "chura" tu. Mwenye sikio lililozoea husikia spishi tano au sita zinazopokezana, na mwenye maabara anaweza kwenda mbali zaidi: akakusanya majimaji ya ngozi ya kila mmoja, akayatenganisha, akasoma molekuli zilizomo, kisha akauliza nani ndugu wa nani.

Nimeandika kwa ajili ya mwanafunzi wa biolojia au kemia anayetafuta mada ya utafiti, na kwa mwalimu atakayemsimamia. Jambo kubwa nalisema mapema, kwa sababu wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kabla ya kuuliza molekuli hii inafanana na ipi, uliza imetoka wapi. Kuna kemia ambayo chura ameirithi kwa wazazi wake. Kuna kemia ambayo ameila. Na kuna kemia ambayo koo mbili zimeifikia kila moja kwa njia yake, zikaishia mahali pamoja. Ni ile ya kwanza tu inayosema ukweli kuhusu undugu.

Ngozi ya chura ina nini

Ndani ya ngozi kuna tezi za aina mbili. Tezi za ute huweka mwili unyevu ili chura apumue kupitia ngozi. Tezi za punje ndizo ghala la sumu: chura akibanwa au akishtuliwa, misuli midogo inayozizunguka hujikaza na yaliyomo humwagika nje. Kwa wale vyura wakavu wenye vinundu, tezi hizo zimekusanyika nyuma ya macho na kuwa mafungu mawili makubwa yanayoonekana wazi. Yule anayeruka polepole chini ya taa ya ukumbi wako akila wadudu, Sclerophrys gutturalis, anayo.

Yaliyomo kwenye tezi hizo yana makundi manne. Kuna amini, kama serotonini na ndugu yake bufotenini. Kuna steroidi zinazoshika moyo, yaani bufadienolaidi, ambazo ni sifa kubwa ya familia ya Bufonidae. Kuna peptidi, minyororo mifupi ya asidi amino. Na kuna alkaloidi, misombo yenye nitrojeni ambayo mingi ni sumu. Kwa kazi ya ukoo, peptidi ndizo zenye utajiri kuliko zote, kwa sababu kila peptidi imeandikwa kwenye jeni, na jeni hurithiwa.

Wazo lenyewe si jipya. Mfamasia wa Italia Vittorio Erspamer (1909–1999) alitumia miongo mingi kupima ngozi za vyura wa mabara mbalimbali, na pamoja na mtaalamu wa vyura José Cei akalinganisha kemia hiyo na uainishaji wa vyura wa Amerika Kusini. Mwaka 1987 Michael Zasloff huko Marekani alishangaa kuona vyura wa maabara waliofanyiwa upasuaji na kurudishwa kwenye maji machafu hawapati maambukizi. Alipochunguza ngozi ya chura yule, Xenopus laevis, alikuta peptidi zinazoua vijidudu. Akaziita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Hatua ya kwanza: chagua swali linalotosha mikononi mwako

Usianze na "vyura wote wa Tanzania". Chagua kundi dogo ambalo ukoo wake tayari unajulikana kwa kiasi fulani kupitia DNA, ili uwe na kitu cha kupimia kemia yako.

Kwa mtu wa Dar es Salaam naona makundi mawili yanafaa. La kwanza ni vyura wenye kucha, jenasi ya Xenopus. Hapa pwani tuna Xenopus muelleri, anayeishi majini muda wote na kukimbilia kwenye tope ukimkaribia. Jenasi hii ina historia ya ajabu ya kuongezeka kwa seti za kromosomu: Xenopus tropicalis ana kromosomu 20, Xenopus laevis na muelleri wana 36, na Xenopus ruwenzoriensis wa Uganda na Kongo ana 108. Kila seti ilipoongezeka, jeni za peptidi nazo zilipata nakala, na nakala hizo zikaanza kubadilika kila moja kivyake. Ngozi inabeba kumbukumbu ya matukio hayo.

La pili, ambalo mimi nalipenda zaidi, ni familia ya Hyperoliidae: vyura wadogo wa matete na ndugu zao wanaotembea badala ya kuruka. Kassina senegalensis ameenea sehemu kubwa ya Afrika, na pwani yetu ina Phlyctimantis maculatus, mwenye wekundu mapajani. Huyu wa pili aliitwa Hylambates, baadaye akawekwa Kassina, na miaka ya karibuni akahamishiwa jenasi aliyomo sasa. Chura aliyehamishwa nyumba mara mbili anastahili kuulizwa maswali.

Kuna mmoja ambaye usimguse: chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis. Maji ya korongo lake yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme alipotea porini. Akabaki kwenye bustani za wanyama Marekani, na mwaka 2010 wakarudishwa 100 kwenye kituo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jenasi yake nzima iko kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hakuna peptidi yenye thamani ya kumsumbua mnyama huyo.

Hatua ya pili: vibali, kisha mwenyekiti wa mtaa

Anza na ofisi ya utafiti ya chuo chako, nayo itakuelekeza COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Ukitaka kuingia msitu wa hifadhi kama Pugu au Kazimzumbwi, TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, nao wahusishwe. Utahitaji pia idhini ya kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama, na kama sampuli zitapimwa nje ya nchi, makubaliano ya kuhamisha sampuli lazima yawe yamesainiwa kabla hazijapanda ndege. Anza miezi mingi kabla ya mvua. Vyura hawamsubiri mtu anayesubiri mhuri.

Ukishapata karatasi zote, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa mchana, umweleze. Watu wanaomulika tochi vichakani saa tano usiku na kubeba mifuko hutiliwa shaka, na ni haki. Nilipokwenda kwa mara ya kwanza kwenye mabwawa yaliyoachwa na wachimba mchanga upande wa Kigamboni, mzee mmoja alituita kutoka barazani kwake. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu. Hao mnawapeleka wapi?" Tukamwambia hatuwapeleki popote, tunawakamua kidogo na kuwarudisha. Akakaa nasi hadi saa saba, akatuonyesha kona ambayo hatungeijua, akatufundisha kwamba yule mwenye mapaja mekundu huanza kulia mvua ikikatika, si inaponyesha.

Hatua ya tatu: usiku wa dimbwini

Beba tochi ya kichwani, gambuti, glovu za nitrili zisizo na unga, mifuko ya plastiki mipya, mizani ndogo, chupa za maji yaliyotoneshwa, penseli, daftari, na deli lililojaa barafu. Barafu ya vipande unaipata soko la samaki la Feri kwa bei ya wauza samaki, na hudumu usiku mzima.

Usijipake dawa ya mbu mikononi. Ngozi ya chura hunyonya chochote, dawa hiyo humdhuru, na itajitokeza kwenye vipimo vyako kama mlima ambao hauelewi umetoka wapi. Vaa mikono mirefu na soksi ndefu. Mbu wa mabwawani Dar hawana mchezo, malaria na dengi zote zipo.

Glovu moja, chura mmoja. Mfuko mmoja, chura mmoja. Ukimshika wa pili kwa glovu ya wa kwanza umeshachanganya sampuli, na huenda umehamisha pia kuvu wa ngozi anayeua vyura duniani kote. Kabla ya kwenda dimbwi lingine, safisha gambuti kwa dawa ya klorini ya kufulia na uziache zikauke kabisa.

Kwa kila mnyama andika: namba, saa, mahali kwa GPS, uzito, jinsia, alikuwa akifanya nini. Mpige picha mgongo, tumbo na mapaja. Kama analia, rekodi sauti yake kwa simu kabla hujamshika. Usione kama hayo ni mapambo. Mwaka 1999 watafiti wa Australia walieleza peptidi ya chura Litoria splendida ambayo hutolewa na dume kuvutia jike wakati wa kuzaliana. Fikiria umelinganisha dume wa spishi moja na jike wa spishi nyingine bila kuandika jinsia: utaita tofauti ya jinsia tofauti ya ukoo.

Hatua ya nne: kukusanya majimaji ya tezi

Zamani vyura waliuawa na ngozi zao kukaushwa. Hakuna sababu ya kufanya hivyo leo. Zipo njia mbili za kumwacha hai. Moja ni umeme hafifu unaopitishwa juu ya ngozi kwa sekunde chache, njia iliyoenezwa na watafiti wa Adelaide, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nyingine ni sindano ya noradrenalini, homoni inayoziamuru tezi zijikamue. Kwenye tafiti za Xenopus kipimo kilichozoeleka ni nanomoli 40 kwa kila gramu ya uzito, kwenye mfuko wa limfu wa mgongoni, kisha chura anakaa dakika 15 kwenye mililita 100 za maji safi. Zote mbili zifanywe na mtu aliyefundishwa, na idhini ya maadili ikiwa mkononi.

Maji yale yatageuka kuwa na povu jeupe, na kwa Xenopus yatakuwa na utelezi wa bamia. Hapo saa imeanza kuhesabu. Ndani ya majimaji ya chura mna vimeng'enya vinavyokata peptidi, na katika joto la Dar hufanya kazi haraka. Ongeza asidi ya trifluoroasetiki hadi ifike asilimia 1 ya ujazo, papo hapo, ukiwa bado dimbwini. Asidi huvizima vimeng'enya. Ukisahau hatua hii utapima vipande vilivyokatwa, na utadhani umegundua peptidi mpya.

Mchukue pia chura kipimo cha DNA. Usufi uliosuguliwa kinywani unatosha, ukawekwa kwenye ethanoli safi ya asilimia 95. Lebo iandikwe kwa penseli, maana ethanoli hufuta wino. Mwoshe mnyama kwa maji safi, mwache apumzike kwenye ndoo yenye majani mabichi, kisha mrudishe pale pale ulipomtoa.

Kila usiku tengeneza sampuli tupu: chombo kile kile, maji yale yale, asidi ile ile, bila chura. Ipitishe hatua zote. Chochote kitakachoonekana humo ni cha plastiki au cha mikono yako.

Kwa vyura wakavu wenye mafungu ya sumu nyuma ya macho, utaratibu ni mwingine. Fungu hukamuliwa taratibu kwa vidole vyenye glovu juu ya kioo, na kinachotoka ni maziwa mazito yanayoganda kama gundi. Vaa miwani. Tone likikuingia jichoni ni maumivu makali, na steroidi zake hugusa moyo. Bufadienolaidi huyeyushwa kwa methanoli, kwa hiyo chupa zake usizichanganye na za peptidi.

Kuhusu kuhifadhi, nisimulie lililonipata ili lisikupate. Nilikuwa na sampuli za masika mazima kwenye friza ya maabara moja. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwashwa, Jumatatu nikakuta chupa zinaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Vimeng'enya vilivyobaki vilikuwa vimekula kila kitu. Tangu hapo sampuli huipitisha siku hiyo hiyo kwenye kateriji ya C18, ambayo hunasa peptidi na kuacha chumvi na maji vipite. Peptidi zilizonaswa hutolewa kwa mchanganyiko wa asetonitrili asilimia 70 na maji, zikakaushwa kwa baridi hadi kubaki unga. Unga huo hauogopi mgao wa umeme kama maji yanavyouogopa.

Hatua ya tano: kutenganisha na kupima

Unga huyeyushwa tena na kupitishwa kwenye kromatografia ya kimiminika. Kila peptidi hutoka kwa wakati wake na kuchora kilele. Kila kilele kinapimwa kwa spektrometa ya masi, mashine ya kupimia uzito wa molekuli, nawe unapata orodha ya namba. Wanafunzi wengi hutaka kuishia hapo: spishi hii ina masi hizi, ile ina zile, tuhesabu zinazofanana. Nataka nionyeshe kwa nini haitoshi.

Chukua magainini mbili za kwanza za Zasloff, zote kutoka kwenye ngozi ya chura mmoja. Kila herufi ni asidi amino moja:

GIGKFLHSAGKFGKAFVGEIMKS
GIGKFLHSAKKFGKAFVGEIMNS

Zina urefu sawa, 23. Zinatofautiana mahali pawili tu: nafasi ya 10, ambapo glisini imekuwa lisini, na nafasi ya 22, ambapo lisini imekuwa asparajini. Ya kwanza ina masi ya takribani dalton 2410 (dalton ni kizio cha uzito wa molekuli), ya pili 2467. Tofauti ni 57. Sasa glisini moja ndani ya mnyororo ina dalton 57.02, na tofauti ya magainini hizi mbili, ukiihesabu hadi desimali, ni hiyo hiyo. Anayetazama masi peke yake ataapa kwamba ya pili ni ya kwanza iliyoongezewa glisini moja. Atakuwa ameandika historia ya mabadiliko ambayo hayakutokea.

Kwa hiyo vunja kila peptidi muhimu ndani ya spektrometa na usome mfuatano wake. Hata hapo kuna mambo mawili mashine haikwambii kwa masi. Leusini na isoleusini zina masi sawa kabisa. Na baadhi ya asidi amino huwa zimegeuzwa upande, kama mkono wa kushoto na wa kulia: dermofini, iliyopatikana kwenye chura wa Amerika Kusini na kutangazwa mwaka 1981, ina alanini iliyogeuzwa kwenye nafasi ya pili, na masi yake haibadiliki hata kidogo.

Hatua ya sita: kulinganisha, na mahali mkono unapoteleza

Turudi kwa vyura wetu wa pwani. Ngozi ya Kassina senegalensis ilitoa peptidi iitwayo kasinini, iliyotangazwa mwaka 1977. Ngozi ya yule mwenye mapaja mekundu ilitoa hailambatini, mwaka 1981. Ziweke juu na chini, na chini kabisa ongeza fisalemini ya chura wa Amerika Kusini wa jenasi Physalaemus, iliyojulikana tangu 1964. Zipange kuanzia mkiani:

Kasinini: D V P K S D Q F V G L M
Hailambatini: D P P D P D R F Y G M M
Fisalemini: – E A D P N K F Y G L M

Chukua penseli uhesabu. Hailambatini na kasinini zinakubaliana nafasi sita: ya 1, 3, 6, 8, 10 na 12. Hailambatini na fisalemini zinakubaliana nafasi ngapi? Ya 4, 5, 8, 9, 10 na 12. Sita pia. Kwa hesabu ya herufi, chura wa Kigamboni ana undugu uleule na chura wa Afrika wa familia yake na chura wa bara jingine kabisa.

Hesabu haikukosea, ila swali lilikuwa baya. Angalia herufi F, G na M za mkiani: zimo katika peptidi zote tatu, na zimo hata kwenye peptidi iitwayo dutu P iliyo katika neva zako wewe msomaji. Mkia huo ndio unaoshika kipokezi cha mnyama anayeng'ata, kwa hiyo hauruhusiwi kubadilika. Unasema kuhusu kazi, hausemi kuhusu ukoo. Ondoa nafasi hizo tatu, na kila upande unabaki na ushahidi wa herufi tatu. Hakuna mahakama inayotoa hukumu ya nasaba kwa herufi tatu.

Dawa yake ni kusoma jeni nzima ya peptidi badala ya peptidi iliyokomaa. Peptidi ya ngozi hutengenezwa kwanza kama mnyororo mrefu wenye sehemu tatu: kichwa cha kuisafirisha ndani ya seli, katikati yenye asidi nyingi, na mwishoni peptidi yenyewe. Kwenye familia nyingi za vyura kichwa hubadilika polepole sana, na peptidi ya mwisho hubadilika kwa kasi. Hiyo ni zawadi kubwa kwa mtafiti. Kichwa kinakuonyesha undugu wa mbali, mwisho unakuonyesha tofauti za majirani wa karibu. Na habari njema ni kwamba majimaji yale yale uliyokamua dimbwini yana RNA ya seli za tezi, kwa hiyo unaweza kuzisoma jeni hizo bila kumkata chura popote.

Hatua ya saba: tenga kilichorithiwa na kilicholiwa

Vyura wa rangi kali wa Amerika ya Kati na Kusini, wale wa familia ya Dendrobatidae, wana alkaloidi kali. Vyura wa Mantella, hapo ng'ambo ya maji Madagaska, wana baadhi ya alkaloidi zile zile. Na vyura fulani wadogo wa jenasi Melanophryniscus, ambao ni wa familia ya Bufonidae, wanazo pia. Ukichora mti kwa alkaloidi, hao watatu watakaa tawi moja, na wote ni wageni kwa wenzao.

Maelezo yako sahanini. Wanakula sisimizi, mbawakawa na utitiri wa udongoni wenye alkaloidi hizo, kisha huzihifadhi kwenye tezi. Mkemia wa Marekani John Daly na wenzake walionyesha kwamba vyura hao wakizaliwa na kulelewa kwenye vioo, wakilishwa inzi wa matunda, ngozi yao haina alkaloidi hata kidogo. Chenye undugu ni uwezo wa kuihifadhi sumu bila kujidhuru, na huo unautafuta kwenye jeni zao. Sumu yenyewe ni habari za chakula.

Kwa hiyo kila molekuli kwenye orodha yako ipe alama: imetoka kwenye jeni ya chura, imetengenezwa na mwili wake kwa vimeng'enya kama bufadienolaidi, au imekuja na chakula au bakteria. Za mwisho zisiingie kwenye mti. Weka jedwali lake pembeni, litakufaa ukitaka kusoma ikolojia.

Mtego wa kufanana bila undugu ni mgumu zaidi, kwa sababu unakuja na peptidi halali. Kaerulini iliyotambuliwa kwenye chura wa Australia Litoria caerulea iko pia kwenye ngozi ya Xenopus, herufi kwa herufi. Utafiti wa mwaka 2010 ulifuatilia jeni zake na kukuta kwamba kwa Xenopus imetokana na jeni ya homoni ya tumboni iitwayo gastrini, na kwa Litoria imetokana na jeni ya homoni nyingine, kolesistokinini. Peptidi moja, mababu wawili. Walioisoma peptidi peke yake hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Walioisoma jeni waliliona.

Hatua ya nane: kuchora mti

Panga mifuatano ya jeni kwa programu kama MAFFT, kisha jenga mti kwa IQ-TREE au MEGA. Zote hazilipiwi na hukaa kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Chagua mgeni wa kulinganishia, chura ambaye una hakika yuko nje ya kundi lako. Kwa Hyperoliidae chura wa jenasi Xenopus anafaa. Omba programu ipime uimara wa kila tawi kwa kuchora upya mara nyingi, na tawi dhaifu lichore kama fundo lisilofunguka, usilazimishe.

Kumbuka kwamba mti wa jeni si mti wa spishi. Chura mmoja anaweza kuwa na nakala kumi za jeni moja, na ukilinganisha nakala ya tatu ya huyu na nakala ya saba ya yule, unapima umri wa nakala, si umri wa spishi. Kwa Xenopus, wenye seti nyingi za kromosomu, hili ni suala la kila siku. Chora nakala zote kwenye mti mmoja mkubwa kwanza, uone zinavyojikusanya, ndipo uchague zinazolingana.

Mti wa pili uchore kwa DNA ya usufi: kipande cha jeni ya 16S cha herufi 550 hivi kinasomwa kwa gharama ndogo, na vyura wengi wa Afrika tayari wamo kwenye GenBank, hazina ya wazi ya mifuatano ya jeni. Weka miti miwili kando kwa kando.

Ikikubaliana, vizuri, una ushahidi wa aina mbili. Isipokubaliana usikimbilie kuandika kwamba uainishaji wa zamani umekosea. Rudi nyuma kwa utaratibu huu: je, lebo zilichanganywa? Tazama picha za mapaja. Je, ulilinganisha nakala zinazolingana? Je, kuna molekuli ya chakula iliyopenya? Je, ni kufanana kwa kazi? Ukishapita maswali yote manne na tofauti ipo bado, basi una jambo la kweli mkononi. Huenda spishi mbili zilizalishana zamani, au jeni moja ilisukumwa na adui wa mahali pale kuliko nyingine. Hapo rudi dimbwini masika yanayofuata, chukua wanyama wengine kutoka mabwawa mengine, na usitangaze kitu kabla hawajajibu.

Mifuatano yako ipeleke GenBank na sauti ulizorekodi zihifadhiwe pamoja na picha kwenye makumbusho au idara ya zoolojia ya chuo. Nusu ya kila unga ibaki kwenye friza bila kufunguliwa, ikiwa na namba ile ile iliyoandikwa kwa penseli kwenye daftari la dimbwini.